Uzi: "Barabara Ipewe Jina Lake"

Kila anapofariki mtu mashuhuri Kenya hii, kabla matanga hayajaisha, kuna mheshimiwa atashika maikrofoni aseme barabara fulani ipewe jina la marehemu. Wiki nzima tunagawanyika: wale wa "anastahili" na wale wa "hastahili". Tunatukanana vizuri sana. Halafu kibao kinawekwa, au hakiwekwi, na tunanyamaza mpaka msiba mwingine.

Nimeombwa mara nyingi niandike kuhusu hii maneno na nimekuwa nikikwepa, kwa sababu kanuni ya nyuzi zangu mnaijua: hakuna kutaja mwanasiasa, hakuna kutaja chama. Sasa utaongea aje kuhusu barabara za Nairobi bila kutaja wanasiasa? Nusu ya vibao vya tao ni wao. Kwa hivyo leo tutafanya hivi: wakoloni nitawataja, na waliopambana nao nitawataja. Hao wengine mtajaza wenyewe, nyinyi si watoto.

Tuanze na matembezi. Simama kwenye ile iliyokuwa Government Road (jina la sasa mnalijua). Ingia ile barabara pana iliyokuwa Delamere Avenue (hata hiyo mnaijua), tembea kuelekea Uhuru Highway. Utaipita Kimathi Street, pale kwenye hoteli ya Stanley. Halafu Wabera Street. Halafu Muindi Mbingu Street. Halafu Koinange Street.

Wakati wa mkoloni, kwa mpangilio huo huo, zilikuwa Hardinge Street, Eliot Street, Stewart Street na Sadler Street.

Ukisoma haraka ni majina ya wazungu tu. Soma tena. Arthur Hardinge alisimamia utawala wa Mwingereza hapa kuanzia 1895 hadi 1900. Akafuatwa na Charles Eliot hadi 1904. Akafuatwa na Donald Stewart, ambaye alifariki akiwa kazini 1905. Akafuatwa na James Hayes Sadler. Yaani wakuu wanne wa kwanza wa utawala ule, wamepangwa barabarani kama walivyopokezana kiti! Nilipogundua hii nilikuwa maktaba na ramani ya zamani mbele yangu, nikacheka kwa sauti mpaka nikaangaliwa vibaya.

Lakini si jambo la kuchekesha sana. Karani Mwafrika aliyetoka kazini jioni akielekea kwake alikuwa anavuka orodha ya waliomtawala, mmoja baada ya mwingine, kila siku. Hakuhitaji kusoma kitabu cha historia. Mji wenyewe ulimwambia nani alikuja kwanza, nani akafuata, na kwamba katika mfululizo huo yeye hayumo. Majina yale hayakuwa mapambo. Yalikuwa yanafanya kazi.

Kwa hivyo baada ya uhuru yalitolewa, na sina ubishi na hilo. Hata sanamu ya Lord Delamere iliyokuwa kwenye barabara yake iling'olewa, ikapelekwa kwenye shamba la familia yake kule Soysambu.

Waliowekwa mahali pao ni watu wa aina nyingine kabisa. Muindi Mbingu ndiye aliyeongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwanyang'anya mifugo kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo. Walikaa mjini wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya kule Isiolo, akauawa mwaka 1963, miezi michache kabla ya bendera kupandishwa. Lakini leo nataka tukae zaidi kwa Dedan Kimathi, kwa sababu barabara yake ndiyo inaonyesha vizuri jina la barabara ni kitu gani kisiasa.

Hebu tuweke tarehe chini.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni inapiga Mau Mau marufuku. Oktoba 1952 hali ya hatari inatangazwa. Oktoba 1956 Kimathi anakamatwa, anashtakiwa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola, na tarehe 18 Februari 1957 ananyongwa Kamiti. Anazikwa humo humo gerezani, kaburi halina alama. Mwaka 1963 tunapata uhuru. Baadaye Hardinge Street inakuwa Kimathi Street.

Sasa swali la mtihani: ile marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka gani?

Wengi wenu mmesema 1963. Ni 2003.

Rudia hiyo polepole. Kwa miongo kadhaa, katikati ya mji mkuu wa Jamhuri, kulikuwa na barabara yenye jina la kiongozi wa Mau Mau, na sheria bado ilisema Mau Mau ni kundi haramu. Mzee aliyetoka msituni angeweza kutembea Kimathi Street asubuhi mpaka jioni. Asingeweza kwenda na wenzake kusajili chama cha wapiganaji wa zamani wa Mau Mau. Jina liliruhusiwa, watu wenyewe hapana.

Na hiyo marufuku haikuwa karatasi tu. Angalia kilichotokea ilipoondolewa. Wazee walijisajili. Wakajikusanya na kuandika ushahidi wao. Mwaka 2009 kesi ikapelekwa London kuhusu mateso ya kambini. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kumbuka wakati huo wengi wa rika lao walikuwa wamekufa. Kila mwaka sheria ile iliokaa vitabuni ulikuwa mwaka wa watu kuzeeka na kuzikwa bila kudai chochote. Barabara walikuwa nayo muda huo wote.

Hapa ndipo inabidi tuelewe kitu kuhusu Kenya ambacho wenzetu wa nchi zingine wanaweza wasikielewe. Kuna nchi ambako kubadilisha jina la barabara ni kazi ngumu: barua hazifiki, vitambulisho vibadilishwe, hati za nyumba ziandikwe upya, watu wanalalamika mpaka mahakamani. Hapa kwetu? Barua inaenda kwa sanduku la posta. Shamba au ploti ina namba yake ya usajili. Na ukimwelekeza mtu tao humwambii jina la barabara. Unamwambia "shuka Odeon", "nitakungoja Kencom", "ni nyuma ya Archives". Hakuna anayepotea kwa sababu kibao kimebadilishwa.

Ndiyo maana hapa kwetu jina la barabara limebaki na kazi moja tu kubwa, kutoa heshima. Na heshima hiyo ni rahisi sana kuitoa. Unahitaji chuma, rangi, hotuba na mtu wa kupiga picha. Ukilinganisha na kufuta sheria, kulipa fidia, kurudisha ardhi au kufukua gereza utafute mifupa, kibao ni bei ya mboga.

Mwaka jana nilimleta shosho yangu tao kwa daktari wa macho. Yeye ni wa upande wa Nyeri. Alikuwa msichana mdogo wakati wa hali ya hatari, na kaka yake mkubwa alichukuliwa usiku mmoja na hakurudi. Shosho alipoanza kuzaa, mmoja wa wavulana wake akapewa jina la huyo kaka, kama ilivyo kwetu. Ndiye baba yangu mdogo. Kwa hivyo nyumbani jina la yule kaka linaitwa kila siku, linaambiwa lete maji, linaambiwa limechelewa kulipa karo.

Tulipotoka kwa daktari nikampitisha kwenye ile sanamu ya Kimathi, karibu na jengo la Hilton ya zamani. Ni ile iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Nilitarajia afurahi. Mimi ndiye niliyekuwa naeleza kama mwongozaji wa watalii, tarehe hii, tarehe ile. Akaniacha nimalize, halafu akauliza:

"Huyu, kaburi lake lilionekana?"

Nikamwambia hapana shosho, mpaka leo familia haijakabidhiwa mwili.

"Basi ni kama wa kwetu."

Akaanza kutembea. Sikuwa na la kuongeza, na nimesoma siasa miaka mitatu.

Mjane wa Kimathi, Mukami, aliomba mabaki ya mumewe miaka na miaka. Alifariki Mei 2023 bila kuyazika. Na wakati wote huo alikuwa akiomba katika nchi ambayo imempa mumewe barabara Nairobi, na sanamu, na chuo kikuu kizima Nyeri. Hata Kampala kuna Kimathi Avenue. Huwezi kusema alisahaulika. Alikumbukwa kwa kila njia isipokuwa ile moja ambayo mjane alikuwa anaiomba.

Sasa, kabla hamjanivamia. Nilipowasilisha hoja hii darasani nilikuwa mkali kuliko hivi. Nilisema kibao ni hongo, ni njia ya dola kununua kimya kwa bei ya chini. Mwenzangu mmoja wa darasani, dada ambaye huwa haongei sana, akanirudisha chini. Akasema: miaka hiyo yote ambayo mzee alikuwa anaogopa hata kusema alikula kiapo, ni wapi pengine jina hilo lilitamkwa kwa sauti, mchana, na kila mtu, bila woga? Makarani walilisema. Makonda walilisema. Watalii wa Stanley waliliandika kwenye postikadi. Huwezi kuweka jina mdomoni mwa mji mzima halafu ukategemea kwamba hakuna mtoto atakayeuliza huyo alikuwa nani.

Nadhani ana haki, kwa kiasi kikubwa. Jina lilihifadhi swali. Ila halikuwahi kulijibu, na waliolitoa walijua tofauti ya hayo mawili.

Kuna kona nyingine ya mji inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni jirani na chuo. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande na kodi na kazi za kulazimishwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukitaka aachiliwe. Wanaume waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kusema watu watawanyike, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru akawazomea, akavua heshima zote, akawaambia wampe yeye suruali zao wao wavae gauni lake. Akasonga mbele na wanawake wakasonga naye. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akauawa pale. Inaelezwa pia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza la hoteli ya Norfolk walijiunga kupiga risasi.

Barabara inayopita mbele ya Norfolk leo inaitwa Harry Thuku Road. Sina neno na Thuku, aliteswa, alipelekwa mbali na kwao miaka mingi. Lakini siku ile yeye alikuwa ndani ya seli. Aliyekufa lango likiwa mbele yake ni Nyanjiru. Nikipita pale nikienda darasani huwa nasoma kibao na kufikiria jinsi uamuzi ule ulivyofanywa: nani alikaa mezani, nani alipendekeza, na kama kulikuwa na mwanamke hata mmoja chumbani.

Hilo ndilo swali ambalo mjadala wetu wa "anastahili" huwa unalificha. Ukiuliza kama fulani anastahili barabara, tayari umekubali kwamba yupo mtu mahali fulani mwenye haki ya kugawa. Wewe unabaki kushangilia au kuzomea. Kwani ni nani hugawa?

Kwa kifupi, maana hapa sheria inachosha: Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara za kaunti. Barabara kuu na zile za kitaifa zinabaki kwa serikali kuu, hata zikipita katikati ya mji. Kwa hivyo swali la kwanza mtu akitangaza jina jipya ni: hii barabara ni ya nani? Kama ni ya kaunti na jambo limepelekwa kwa bunge la kaunti, Kifungu cha 196 kinalitaka bunge hilo lihusishe wananchi katika kazi yake. Na Kifungu cha 35, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kinakupa haki ya kuomba kumbukumbu: nani alipendekeza, lini, kikao gani, wakazi walijulishwa vipi. Unaandika barua tu. Si lazima uwe wakili.

Mnakumbuka Kileleshwa mwaka 2021? Barabara ndogo ya makazi, ilikuwa na jina la mnyama mpole, Dik Dik, ikaamka siku moja na kibao cha mtu mashuhuri aliye hai. Kibao kiling'olewa, na baadaye kikachomwa moto. Mtandaoni tulibishana wiki nzima kama mwenyewe anastahili. Wachache sana waliuliza ni kikao gani kilipitisha, na wakazi waliambiwa lini. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi la kucheka picha, nikiri tu.

(Maoni yangu, na mnaweza kukataa: mtu aliye hai asipewe barabara. Awe mwema awe mbaya. Zile mbili kubwa za tao zilipata majina wenye majina wakiwa bado ofisini, na uliza wazee kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana.)

Wakati mwingine watu husema hapana bila kufungua mdomo. Forest Road ilibadilishwa rasmi mwaka 2016 kumuenzi yule mama wa miti aliyeshinda Tuzo ya Amani ya Nobel 2004. Hakuna mtu ninayemjua anayepinga heshima hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini panda matatu leo usikie watu wanashukia wapi. Wanashukia Forest Road. Kwa upande mwingine kuna Kariokor, jina ambalo halikutoka kwa hotuba yoyote. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, limepita kwenye midomo ya watu mpaka likawa letu. Dar es Salaam nao wakapata Kariakoo yao kwa njia hiyo hiyo. Zaidi ya miaka 100 na hakuna wa kulitoa.

Jambo la mwisho kabla sijawaacha. Tulipowatoa Hardinge, Eliot, Stewart na Sadler, tulifanya sawa, lakini tuliondoa pia ushahidi. Ule mpangilio wa wakuu wanne ulikuwa unaonyesha wazi jinsi mkoloni alivyofikiri, na leo mpaka uende maktaba na ramani ndiyo uuone. Ningekuwa na uwezo ningeweka kibati kidogo chini ya kila kibao: zamani iliitwa hivi, ikabadilishwa mwaka huu, na waliokaa kuamua ni hawa. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo ingefanya waheshimiwa wafikirie mara mbili.

Nimeanza kukusanya. Kama unaishi au unafanya biashara kwenye barabara au kichochoro kilichobadilishwa jina tangu 2010, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, popote, niambie mambo mawili: ulijua lini, na uliambiwa na nani. Kama ulijua siku ulipoona kibao, andika hivyo hivyo.